Kitambaa Chini ya Mguu

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Manati alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya bibi yake. Jina hilo alipewa shuleni kwa sababu ya mikono yake. Katika timu ya wasichana hakuwa na mbio, na chenga zilimshinda kabisa. Lakini mpira ukitoka pembeni, yeye ndiye aliyeitwa kuurusha, nao ulifika mpaka mbele ya goli.

Jioni hiyo alifagia kwa hasira, vumbi likamfikia bibi.

"Mjukuu wangu, sakafu imekukosea nini?"

"Refa kanionea, bibi. Nimerusha mara mbili, na mara zote mpira wakapewa wapinzani. Mwalimu anasema nikikosea tena kwenye fainali, kazi ya kurusha atampa Pilipili, mfungaji wetu, na mimi nitakaa benchi."

"Kwani sheria inasemaje?"

"Ushike mpira kwa mikono yote miwili. Utoke nyuma ya kichwa na kupita juu yake. Utazame uwanjani, na miguu yote miwili iguse ardhi, juu ya mstari au nje yake. Yote hayo nayafanya."

"Haya, twende uani nikaone."

Manati alirusha mpira ukutani. Bibi alikaza macho, lakini miguu ilikuwa na haraka kuliko miwani yake. Hapo ndipo Pilipili alipobisha hodi, sweta la Manati mkononi. Mwenyewe alikuwa amelisahau uwanjani.

"Mguu wako wa nyuma unaruka," alisema Pilipili. "Kama kuku aliyekanyaga kaa la moto."

"Umekuja kunicheka? Si nafasi utapata wewe."

"Siitaki. Nikirusha mimi, nani atafunga?"

Bibi alicheka, akaokota kipande kirefu cha kitambaa. "Manati, kanyaga hapa kwa mguu wa nyuma. Na wewe mwanangu, shika ncha uvute. Kikitoka, mguu umeruka."

Manati alirusha. Kitambaa kikatoka chote, Pilipili akakipeperusha kama bendera.

Waliendelea kila jioni wiki ile. Manati alijifunza kuinua kisigino tu na kuviburuta vidole chini. Siku moja Pilipili alivuta mpaka kitambaa kikachanika, lakini mguu haukukiachia.

"Lakini sasa mpira haufiki mbali kama zamani," Manati alisema kwa unyonge.

"Basi mimi nitasogea," Pilipili akajibu.

Siku ya fainali, timu zilikuwa bao moja kwa moja na muda ukiyoyoma. Mpira ukatoka karibu na goli la wapinzani. Manati akauchukua.

"Ruka, kuku, ruka!" mashabiki wa upande wa pili waliimba, maana habari za mguu wake zilikuwa zimewafikia.

Nyayo zikamwasha. Akiruka kidogo tu, mpira utafika golini. Akamtazama mwalimu, kisha akakandamiza vidole chini kana kwamba kitambaa kipo. Akarusha.

Refa aliitazama miguu yake. Filimbi haikulia. Mpira ulishuka mapema, lakini Pilipili alikuwa tayari amesogea. Akaupiga kichwa, ukaingia wavuni.

Mechi ilipokwisha, Manati alimkimbilia bibi, aliyekuwa akitazama kando ya uwanja. "Sikuruka, bibi!"

"Nimeona." Bibi alimfuta jasho kwa kiganja. "Nguvu ulizaliwa nazo, mama. Kufuata sheria ndiko kunakohitaji mazoezi. Na usiseme tena umeonewa kabla hujajikagua. Aliyekwambia ukweli alikuwa anakutakia heri, akakuachia na nafasi ambayo angeweza kuichukua. Umeshamshukuru?"

Manati alimgeukia rafiki yake. "Asante, Pilipili. Nilikudhania vibaya."

"Asante haivaliki," Pilipili alisema, huku akionyesha kaptula yake iliyochanika alipoanguka baada ya kufunga.

"Ilete nyumbani," bibi akacheka. "Kiraka chake unakijua. Ulikichana mwenyewe."