Kwaya Iliyojifunza Kusoma Nota

Mama Kofia hushona nguo mchana. Jioni huongoza kwaya ya mtaa. Mumewe, fundi redio, huimba besi.

Kwaya ilijifunza nyimbo kwa kusikia tu. Wimbo mpya ukija, huyu alishika hivi, yule vile. Ugomvi haukuisha. Jioni moja wifi yake, naye mwanakwaya, alichukua mkoba aondoke.

"Wifi, nimechoka. Naacha kwaya."

"Nivumilie kidogo," Mama Kofia akamsihi. "Nitajifunza nota, kisha niwafundishe."

Akaanza kutafuta masomo kwenye simu. Moja lilianzia katikati. Lingine lilikuwa maneno matupu, hata sauti hakuna. Kichwa kikamzunguka.

Akamwendea jirani yao, mwalimu mstaafu wa muziki.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekwama."

"Marahaba, mwanangu. Umedonoa huku na kule. Tafuta kitabu kimoja kinachoanza mwanzo kabisa. Kiwe na mazoezi, na majibu ili ujisahihishe. Kiwe na sauti zake pia. Jicho likiona, sikio lisikie."

"Nitajuaje kuwa kinanifaa?"

"Soma ukurasa mmoja. Kisha upige mapigo yake kwa makofi, au uuimbe. Ukishindwa kila mara, tafuta kingine."

"Na kufundisha je?"

"Sauti kwanza, alama baadaye. Waimbe, ndipo uwachoree."

Wakaenda wote wawili maktaba. Walifungua vitabu vingi, wakaazima kimoja chenye santuri ya sauti zake.

Tangu hapo mguu ulikanyaga cherehani, mdomo ukihesabu mapigo.

"Mke wangu," mumewe alitania, "hiyo suruali ya mteja itatoka ikicheza!"

Kwenye mazoezi, wanakwaya waliimba kwanza. Kisha Mama Kofia akachora mistari mitano ubaoni. Nota ikipanda, sauti inapanda. Ikishuka, inashuka. Polepole wakaelewa.

Jioni moja mwalimu alikuja na karatasi zenye nota, akazigawa. "Wimbo huu nimeutunga mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuuimba."

Mama Kofia akawapa sauti ya kuanzia. Wakaanza kwa woga, macho kwenye nota. Sauti za juu zikapanda. Besi ikaingia chini yazo, taratibu. Zikakutana mahali pamoja, chumba kizima kikajaa.

 Walipomaliza, wifi aligeuza karatasi yake, akatazama upande wa nyuma. 

"Wifi, wimbo wote huu ulikuwa humu, kimya?"

Mwalimu alifuta macho.

"Hata mimi," alisema, "ndiyo kwanza nausikia."