Tangi la Treni za Mvuke

Kila akitoka shule, Kipenga alijaza maji ya kunywa kwenye pipa la chumba cha kusubiria abiria. Mama yake alikuwa mkuu wa kituo. Siku hizi pia alikata tiketi, alifagia na kupeperusha bendera, kwa kuwa wenzake wote walihamishwa. Jina la Kipenga lilitoka kwa wapakiaji mizigo, kwa sababu ya sauti yake kali.

Bomba lilikuwa ng'ambo ya reli. Siku hiyo jua liliwaka na miguu ilimwuma. Karibu na jukwaa palisimama tangi la chuma lililojengwa zamani kunywesha injini za mvuke. Treni za dizeli zilipoingia, liliachwa hapo likikusanya mvua, kutu na vinyesi vya njiwa. Koki yake bado ilifunguka.

"Maji ni maji," Kipenga alijisemea, akajaza ndoo zote hapo na kuzimimina pipani.

Treni ilichelewa. Abiria walisinzia kwenye mabenchi. Mwanamke mmoja alichota maji pipani, akakoroga maziwa ya unga kwenye chupa ya mtoto wake. Kipenga aliiona chupa. Akisema, mama atajua. Akinyamaza, mtoto atakunywa.

"Shangazi, usimpe!"

Chumba kizima kiliamka.

"We mtoto, una nini?" mwanamke aliuliza.

"Maji hayo ni ya tangi bovu. Nilichota mimi. Nilichoka."

Mpakiaji mmoja alimchungulia yule mtoto mchanga. "Bahati yake. Angeanza kutoa moshi!"

Watu wakacheka, mama hakucheka. Alitoka chumba cha tiketi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akalimwaga pipa lote nje.

"Shika brashi. Sugua."

"Mama, nimechoka."

"Hata mimi. Sugua."

Pipa lilipotakata, walivuka reli pamoja, kila mmoja na ndoo yake. Waliporudi, Kipenga alimpelekea yule mwanamke kikombe cha kwanza.

"Ahsante kwa kusema," mwanamke alisema, akaisuuza chupa.

Mama aliketi kidogo, akavua viatu.

"Kuchoka hakuna ubaya, mwanangu. Ukichoka, niambie, tutabeba wote. Lakini abiria hajui umechota wapi. Anakunywa kwa kutuamini. Usimdanganye hata siku moja."

Honi ililia kwa mbali. Mama aliguna, akavaa viatu, akachukua bendera. Kipenga alibeba ndoo tupu, akavuka reli kwenda bombani kabla treni haijafika.