Macho ya Maundu

Kila asubuhi Ndinda aliwasha moto, akampikia mumewe uji wa wimbi. Kisha Maundu alichukua nyundo yake, akashuka kwenye machimbo ya mawe. Waliishi Kalama, karibu na mji wa Machakos. Jioni Maundu alirudi mweupe kwa vumbi, na Ndinda alimcheka, akasema kumbe aliolewa na mzungu.

Siku moja kipande cha jiwe kiliruka, kikamkwaruza Maundu jicho. Kwenye kliniki ya macho alikaa benchi moja na msichana aliyeongozwa kwa mkono na mama yake. Vioo vya mbele vya macho ya msichana huyo vilikuwa vyeupe kama maziwa. Wangechi, muuguzi wa macho, alimweleza Maundu kwamba msichana yule angeona tena kama angepata kioo cha jicho la mtu aliyekufa. Lakini watu hawakutoa. Walizika.

Jicho la Maundu lilipona. Moyo wake ndio ulioharibika. Mwaka 2003 miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa katika hospitali yenye kliniki ile. Madaktari walisema dawa zimefika mwisho.

"Ndinda," alisema, "nikifa, macho yangu wapewe wale wa kliniki."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mwambie sista. Mwambie na Baba."

Ndinda alimwita Wangechi. Akamuuliza kama figo pia zinaweza kutolewa, maana alikuwa amesikia habari hizo redioni.

"Moyo ukisimama, damu husimama," Wangechi alisema polepole. "Figo ikikosa damu hufa upesi sana. Kuna nchi ambako madaktari husubiri moyo usimame wenyewe, wanahakikisha mtu amekufa, kisha wanatoa figo papo hapo. Sisi hapa bado. Lakini kioo cha jicho hakina damu ndani yake. Kinavumilia saa chache."

"Na kama bado anapumua?"

"Hatumgusi. Hata kama imebaki pumzi moja. Lakini ninyi wa nyumbani mkubaliane mapema. Mkingoja msiba ufike, mtachelewa."

Ndinda aliahidi kumwambia baba mkwe wake, Mzee Kimeu, aliyekaa Mwala. Lakini kila alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito. Kumtajia mzazi kifo cha mtoto aliye hai kulikuwa kama kumwombea afe. Akaahirisha.

Maundu alikufa asubuhi. Wangechi alimfumba macho, akayawekea pamba yenye maji, akamwinulia kichwa kwa mto. Kisha akawauliza jamaa. Ndinda alikubali. Shangazi Nzilani, dada yake Mzee Kimeu, alikataa.

"Huko aendako atapapasa ukuta?" aliuliza. "Huyu mtoto ako na baba. Baba yake hajasema."

Ngui, mdogo wake Maundu, alimuunga mkono shangazi yake. Wangechi akawasihi wampigie mzee simu haraka. Ngui akatoka, akapiga simu kwenye duka moja huko Mwala. Sasa, kwa watu wa huko, mzazi haambiwi kwa simu kwamba mwanawe amekufa. Huambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, aje amwone. Ndivyo Ngui alivyosema.

Mzee Kimeu alisikia hiyo "kidogo". Akapeleka ng'ombe kunywa maji kwanza, akaamua kusafiri kesho yake.

Ndinda alikaa nje ya wodi. Kila alipoona kofia ya mzee yeyote langoni, aliinuka. Wangechi alipita, akamtazama. Akapita tena. Jua lilipozama, hakupita tena.

Kesho yake mzee aliambiwa yote mawili pamoja, kifo na ombi. Alimtazama Ndinda.

"Alisema kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi yalikuwa yake. Chukueni."

Wangechi aliinamisha kichwa. "Saa zimepita, Baba. Hayafai tena."

Mzee alimgeukia Ngui. "Ungeniambia amekufa, ng'ombe ningewaacha na kiu."

Walimzika Maundu shambani Mwala. Baadaye Ndinda alienda kliniki kumtafuta yule msichana. Aliambiwa haji tena. Mama yake alichoka kungoja, na hakuna aliyejua walikohamia. Ndinda alirudi nyumbani, akalala bila kula. Siku nyingi zikawa hivyo.

Baada ya mavuno ya mbaazi, Mzee Kimeu aliwaita jamaa zake wote, akamwalika na Wangechi. Nzilani aliuliza kama maiti huzikwa na mashimo usoni. Wangechi alieleza kwamba uso hauharibiwi, kope hufungwa, na hakuna atakayejua. Tena macho hayauzwi wala hayanunuliwi.

"Macho haya yamenichagulia ng'ombe wabaya sokoni miaka yote," mzee alisema. "Labda mwingine atachagua vizuri." Hata Nzilani alicheka. Kisha mzee akakaza sauti. "Siku yangu ikifika, hakuna kuambiana 'kidogo'. Semeni nimekufa."

Miaka miwili baadaye kifua kilimbana, akalazwa Machakos. Moyo wake uliposimama, Ndinda alikuwa kando yake. Alimpigia Nzilani simu.

"Shangazi, Baba amekufa."

Kukawa kilio. Kisha Nzilani akasema, "Waambie wachukue."

Saa zilitosha. Siku ya mazishi watu walimtazama mzee kwenye jeneza, na uso wake ulikuwa ule ule.

Baadaye Wangechi alifika Mwala na habari. Mwalimu mmoja alikuwa amerudi darasani. Bibi mmoja alikuwa ameuona uso wa mjukuu wake. Hakutaja majina. Ngui alilia kwa furaha, na Nzilani akasema kwamba yeye naye atatoa ya kwake.

Ndinda alimshukuru Wangechi, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alipita kati ya makaburi mawili. La mzee lilikuwa bado na udongo mwekundu. La Maundu lilikuwa limeota nyasi. Akapiga magoti akaanza kuzing'oa, moja moja, mpaka giza likaingia.