Avoka za Muzee Alphonse

"Mama Grâce, hizo avoka unazizika ndani ya barafu, zitafufuka kweli?" jirani yao, Mama Kavira, aliuliza siku moja, mikono kiunoni.

"Ngojea Muzee afike, utaona," mama alimjibu.

Msimu wa avoka, yaani parachichi, ulipofika, Grâce alikuwa na kazi yake baada ya shule: kuziponda zilizoiva, kuzikamulia ndimu zisigeuke nyeusi, kuzitia katika vifuko na kuvikandamiza ili hewa itoke. Kisha mama alivipanga katika friza. Sasa msimu ulikuwa umekwisha, na vilibaki vifuko viwili tu, vya babu yake, Muzee Alphonse wa kijiji cha Bule. Barabara ya huko ilikuwa imetulia kidogo, bila mapigano, naye alituma habari kwamba angekuja Jumapili. Muzee hakuwa na jino hata moja, na avoka aliipenda kuliko nyama.

Jumamosi, mama akiwa sokoni, Mama Kavira alimwita Grâce uani.

"Kesho mutaimba kanisani na hizo nywele kama brosi ya viatu? Avoka inalainisha, weye! Leta, na miye nijaribu."

Kifuko kimoja kikaishia kichwani mwa Grâce, cha pili kichwani mwa Mama Kavira. Walikaa juani waking'aa, nzi wakiwazunguka. Grâce alipoinuka, kuku wawili walimfuata mpaka chooni.

Alipoosha nywele ndipo hofu ilipomshika. Friza tupu! Macho yake yakaangukia kinu, ambamo mlikuwa na sombe, yale majani ya muhogo aliyoyatwanga asubuhi. Nayo si ni kijani vilevile? Akaijaza katika vifuko, akavirudisha, akafunga mlango wa friza polepole kama mwizi.

Jumapili, Muzee alipofika, mama alikuwa akihangaika na chai.

"Grâce, changanya avoka na vitunguu, nyanya na chumvi!"

Grâce alichanganya, akaweka bakuli mbele ya Muzee. Muzee akaanza kuomba. Alishukuru kwa barabara, kwa amani, kwa avoka. Grâce naye aliomba kimoyomoyo sala hiyo isiishe. Lakini ikaisha. Kijiko kikainuka.

"Muzee, usile! Iko sombe mbichi!"

Kijiko kikasimama hewani. Grâce alieleza kosa lake lote akilia, ila jina la jirani hakulitaja.

"Basi nywele zako zimekula chakula yangu," Muzee alisema, akacheka mpaka fizi zote zikaonekana.

Mama hakucheka. Alichukua bakuli, akaimimina sombe sufuriani pamoja na vitunguu na nyanya zake, akaongeza samaki wa ziwani kutoka Mahagi-Port, akaiacha ichemke muda mrefu mpaka ikalainika. Muzee alikula sahani mbili bila kuhitaji jino.

Harufu ilimleta Mama Kavira. Alimkuta mama akisema:

"Mwanangu, kuchukua kulikuwa kosa. Kulificha ndiko kungemuumiza Muzee, kwa maana sombe mbichi ina sumu. Ukikosea, sema palepale. Mungu ashukuriwe, mdomo wako ulifunguka kabla ya wake."

"Amina! Mwambie, Mama Grâce!" Mama Kavira alidakia. "Watoto ya leo hawana haya!"

Muzee aliinama, akamtazama jirani kwa makini chini ya kitambaa chake cha kichwa.

"Na hii avoka yenye kukauka nyuma ya sikio yako, mama, ni mutoto aliipaka?"

Mama Kavira alivuta kitambaa chake mpaka shingoni, akavaa viatu vyake, akatoka.