Aliyeitikiwa Bila Jina

Mvua ilikuwa imeiangusha antena ya mtandao mjini Kasongo tangu asubuhi, na bado kwenye kompyuta ya Safia kulikuwa na mchango mpya wa sauti. Neno moja tu: maji. Safia akakuna kichwa, akasema moyoni labda uliingia jana. Alijidanganya, na alijua anajidanganya.

Alikuwa amejenga maktaba ya programu, vipande vya msimbo ambavyo yeyote angevichukua bure ili simu yake isome Kibangubangu kwa sauti. Hiyo ndiyo lugha ya marehemu mama yake, mzaliwa wa Kabambare. Sauti iliyorekodiwa, neno kwa neno, ilikuwa ya mdogo wake Kamaldine, muadhini wa msikiti wa mtaa, kijana mwenye koo la kuonewa wivu. Dunia nzima iliruhusiwa kuleta marekebisho. Safia akiyakubali, yanaingia. Alain wa Kabambare alileta mengi. Mgeni aliyelituma neno maji alikuja magharibi moja na ujumbe mfupi, Hodi, na Safia, kwa adabu zake, akaandika Karibu.

Rekodi ya mgeni ilikuwa sauti ileile ya Kamaldine, ila tamu zaidi. Safia akadhani mtu ameisafisha tu, akaikubali. Mchana ule Kamaldine alikaa kwenye mkeka akaonyesha mtungi kwa kidole. Neno la kilichomo lilikuwa limemtoka akilini, si kwa Kiswahili, si kwa Kibangubangu, si kwa Kifaransa.

Likafuata moto. Likafuata mama. Safia aliacha kukubali, lakini michango iliingia yenyewe, na chumba kikaanza kunuka tope la mtoni na udi, na spika zilizozimwa zikawa zinanong'ona maneno ya Kamaldine moja baada ya jingine.

"Dada," Kamaldine alimuuliza kwa sauti ya chini, "ulimuitika nani mule?"

"Alipiga hodi. Nikamuambia karibu."

"Alisema jina?"

Mama yao aliwafundisha tangu utotoni kwamba anayebisha magharibi huulizwa jina kabla ya kukaribishwa, na asiyelitaja aachwe nje, kwa kuwa binadamu hakosi jina la kutaja. Mlangoni Safia hajawahi kusahau. Kwenye kompyuta hakukumbuka kama kuna mlango.

Ijumaa Kamaldine alisimama kuadhini, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Safia akamwita Mwalimu Iliasi, anayesomea wagonjwa wa majini. Mwalimu alifukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtiririka, na kompyuta iliyochomolewa kwenye betri ikamjibu kwa sauti ya Kamaldine.

"Mimi sikuvunja mulango. Niliitikwa. Na ruhusa ya huyu dada haiko ya kurudishwa. Yeye mwenyewe aliandika vile."

Ilikuwa kweli. Ruhusa ya maktaba ilisema kila anayeingia atumie, abadilishe, agawe, milele. Mwalimu akamwambia afute yote, naye akafuta huku analia. Lakini nakala ilikuwa kwa Alain, nyingine mjini Wamaza, nyingine kwa watu asiowajua katika nchi asizozijua, kwa kuwa aliijenga hivyo makusudi, ili isife hata yeye akifa, na sasa hapakuwa na mahali ambapo mkono wake ungefika kuizima. Akaifungia kompyuta sandukuni.

Jioni Alain akapiga simu kwa furaha. Maktaba inafanya kazi vizuri, alisema, na sasa kuna sauti ya mwanamke pia. "Ile njo sauti yako, Dada Safia?"

Safia alitaka kusema hapana. Akalitafuta neno, hakulipata. Kamaldine akamshika mkono, na jua likazama.

Mlangoni mtu akabisha. "Hodi."

Hakuna kati yao aliyeweza kuuliza jina. Ndani ya sanduku lililofungwa, sauti ya Safia ikajibu, tamu kuliko alivyowahi kuisikia: "Karibu."

Komeo la mlango likaanza kusogea.