Mkwe Aliyeacha Kamera Nyumbani

Sanumaya alirudi nyumbani ameshiba tena. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

Aliweka mkoba wa kamera kitandani, akakaa. Mumewe, Nhuchhe, alikuwa akimenya vitunguu saumu.

"Wamekulipa?" Nhuchhe akauliza.

"Wamenilisha. Pepeta, nyama ya nyati, maharage, achari. Wameniongeza mara mbili."

"Na watoto wetu watakula nini? Picha?"

Hapa kwetu Bhaktapur, Nepali, kila mtu ni ndugu wa mtu. Ndugu akimwoza binti, humwambia Sanumaya, "Njoo na kamera yako, utakula karamu." Asiye ndugu naye huomba bei ya ndugu. Sanumaya hakumkatalia yeyote. Harusi, mahafali, pasipoti, vichanga, vyote alipiga kwa bei ya kutupa. Ile ilikuwa harusi ya mwisho ya msimu. Mvua zilikuwa zinakuja, na wakati wa mvua watu hawaoani.

Nhuchhe alikuwa mchonga mbao, lakini kazi ilikuwa imekatika. Wakala mmoja alimtafutia kazi ya ujenzi Katari. Mke na mume wakakubaliana. Kama duka la picha la Sanumaya halitaleta faida kabla ya Dashain, sikukuu inayokuja mvua zikiisha, kamera itauzwa na Nhuchhe ataondoka. Sanumaya hakutaka mumewe aende. Nhuchhe mwenyewe alikuwa analala vibaya.

Asubuhi Sanumaya alikwenda kununua mtindi kwa jirani yake, Asamaru. Mtindi wa Asamaru huuzwa katika bakuli za udongo. Ni ghali kuliko wote mtaani, na kila siku humalizika. Alimkuta akivutana na mteja.

"Punguza kidogo, dada," mteja akasema.

"Pale kona wanauza rahisi. Nenda salama."

Mteja alinung'unika, kisha akalipa.

"Huogopi kuwafukuza wateja?" Sanumaya akauliza.

"Naogopa kufilisika. Hebu niambie, harusi ya jana imekugharimu nini?"

"Hakuna kitu. Nimepiga tu."

"Hakuna kitu! Nauli umelipa kwa wimbo? Kamera ikichakaa, nani atakununulia nyingine? Na siku zote utakazokaa kuchagua picha na kuzisafisha, hizo umeokota?"

Wakakaa chini, wakahesabu. Kila kazi ya bei ya kutupa ilikuwa ikimla Sanumaya. Alikuwa anawalipa watu ili awapige picha! Mwingine angelia. Sanumaya alikasirika, na hasira hiyo ilimfaa.

"Lakini nikipandisha bei, watakwenda kwa wengine," akasema. "Wapiga picha za harusi wako tele."

"Waachie harusi zao. Picha zako nzuri kuliko zote ni zipi?"

Sanumaya akafikiri. "Za wazee. Wazee hutulia nikiwapiga picha."

"Ala! Na mzee akitimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba, sisi hufanya nini?"

"Janko," akajibu Sanumaya. Nani asiyejua? Siku hiyo mzee hupandishwa kigari cha mbao, na watoto na wajukuu humvuta mitaani. Tangu hapo huheshimiwa kama mungu wa nyumba.

"Sasa nisikilize," Asamaru akasema. "Harusi zina msimu. Janko haina msimu, inafuata umri wa mtu. Bwana harusi wa mwakani humjui. Lakini mzee wa miaka sabini na sita unamjua, yule pale anaota jua! Wanawe wanarudi kutoka Japani kwa ajili ya siku hiyo moja. Hao hawatafuti rahisi, mama. Wanatafuta mtu asiyewaharibia. Mimi huagizwa mtindi wa janko miezi mingi kabla. Wewe nani anajua kuwa unapiga janko?"

"Hakuna."

"Basi wajulishe. Na usione haya kutaja bei."

Siku hiyohiyo Sanumaya aliondoa picha za maharusi dirishani. Akaweka picha tatu kubwa za wazee, kwa idhini yao. Chini akaandika: "Picha za janko. Arbuni kwanza." Kisha akapita nyumba zenye wazee, moja baada ya nyingine, akionyesha kazi yake na kutaja bei yake. Wengi walisema watafikiri.

Wa kwanza kuja dukani alikuwa Bishwo, kaka mkubwa wa Nhuchhe. Bishwo ni mtu wa benki, na anapenda watu wajue.

"Shemeji, mwezi ujao ni janko ya Bibi Hiradevi," akasema. "Utakuja na kamera."

"Nitakuja kwa furaha. Bei yangu ni rupia elfu arobaini, pamoja na albamu. Nusu ni arbuni."

Bishwo akacheka. Alipoona Sanumaya hacheki, akanuna.

"Unamuuzia bibi yetu sura yake?"

"Kuhani atalipwa?"

"Ndiyo."

"Wapiga ngoma? Wapishi?"

"Hao si ndugu!"

"Zawadi yangu kwa Bibi nimeshaiandaa, shemeji. Zawadi huchaguliwa na mtoaji. Hii ni kazi, na kazi ina bei."

"Simu zetu zinatosha!" Bishwo akatoka bila kuaga.

Nhuchhe alikuwa amesikia yote. "Ukoo mzima utatusema," akasema.

"Watuseme. Ukiwa Katari watakuletea chakula?"



Siku ya janko ilifika. Sanumaya alivaa sari yake nyeusi yenye pindo jekundu, akaenda na zawadi yake tu, bila kamera. Moyo ulimuuma, maana alimpenda Bibi Hiradevi. Hata hivyo, aliketi na wanawake wenzake akala.

Bibi alipandishwa kigari. Ngoma zikalia. Wajukuu wote wakanyanyua simu, wakasukumana, kila mmoja akipiga picha kisogo cha mwenzake. Bibi akaangaza macho huku na huku.

"Sanumaya! Kamera yako iko wapi?"

"Nyumbani, Bibi. Leo nimealikwa kama mkwe."

"Anataka hela, Bibi," Bishwo akadakia. "Kwa nyumba yake mwenyewe!"

"Kwani wewe benki unafanya kazi bure?" Bibi akamuuliza.

Watu wakaangua kicheko. Bibi akapiga kigari kwa fimbo. "Simamisheni! Siendi. Hizi ngoma mmezilipia, na masikio yangu hayazisikii. Nikifa mtawaonyesha vitukuu nini? Ngoma?"

Ngoma zikanyamaza. Bishwo akatazama chini. "Haya, shemeji. Kalete kamera."

"Kwa bei gani?" Sanumaya akauliza, mbele ya ukoo wote.

Aliogopa, lakini hakushusha macho.

"Ile ile," Bishwo akasema. Akatoa simu yake, akatuma arbuni pale pale.

Nhuchhe alikwenda mbio kuleta kamera. Sanumaya aliwapanga wale wajukuu, akawaambia waweke simu mfukoni na washike kamba. Akapiga picha miguu ya Bibi ikioshwa na wanawe. Akapiga picha kitukuu akiwa amelala mapajani mwa Bibi, katikati ya kelele zote. Baadaye hakumwaga picha elfu kwa watu. Alichagua zilizo bora, akatengeneza albamu moja nzuri. Zawadi aliyoleta siku ile ilikuwa picha kubwa ya Bibi, aliyoipiga zamani, kwenye fremu.

Albamu ile ilizunguka mtaani kuliko mtu wa posta. Kabla ya Dashain, familia kadhaa zenye wazee zilikuwa zimeleta arbuni. Harusi bado anapiga, kwa bei yake. Asiyeitaka huonyeshwa njia ya kwa wengine, kwa heshima.

Kisha wakala akapiga simu. Nafasi ya Katari ilikuwa tayari.

"Mpe mwingine," Nhuchhe akasema. "Mimi nina kazi."

"Kazi gani?"

"Namshikia mke wangu taa akipiga picha."

Wakala alicheka sana. Hata mtaani wapo wanaocheka, eti mwanamume mzima anambebea mkewe mkoba. Wacheke mpaka mbavu ziwaume! Wengi wao wana ndugu Katari, na watoto wa ndugu hao humwona baba kwenye simu tu. Nhuchhe hulala kwake.