Flashi Iliyokwenda Kukobolewa

"Utafiti wangu haupotei hata mto ukipita humu ndani," alisema Nashoni, kifua mbele, mdomo umejaa wali wa mama yake.

Kijiji kizima cha Ubaruku kilimjua. Misimu miwili alizunguka majarubani akirekodi video za majani ya mpunga, ili chuoni Iringa wajue ugonjwa wa madoa unaanzaje. Kompyuta ilipojaa, alizihamishia zote kwenye flashi moja, akaizika ndani ya gunia la mpunga. Alisema hakuna mwizi wa kubeba kilo mia.

Mama yake, Minza, hakuwa mwizi, ila alikuwa na guta la kukodi. Asubuhi gunia likaenda mashineni kukobolewa.

Nashoni alikimbia na kandambili moja. Alimkuta Vitus wa mashine ameshaizima, anachomoa kidude kwenye chekeche. Kilikuwa kimebonyea. Kwa bahati, kilipochomekwa kwenye kompyuta, kilisoma.

Jirani yao Anjela, fundi wa kompyuta, alimweleza kuhusu hazina ya mbali: nakala moja inakaa kwako, nyingine mtandaoni. Kila ukibadilisha kitu unaandika umebadilisha nini, kisha unatuma. Programu yake inaitwa Git.

Nashoni akatuma kila kitu kwa pupa. Hazina ikazikataa video. Nzito mno.

"Ukiweka mpunga ghalani, unatembea na nini?" Anjela alimwuliza.

"Stakabadhi, dada."

"Basi. Git LFS inafanya hivyo hivyo. Kwenye hazina inakaa stakabadhi nyepesi, video yenyewe inakaa ghala la vitu vizito. Lakini iambie mapema, kabla hujapakia, kwamba video zote zipite mlango huo."

Wakaanza upya, amri hiyo kwanza. Mtandao ulijikongoja siku mbili.

Siku ya tatu Yusta, mwenzake wa utafiti, akapiga simu kutoka Iringa. Alikuwa amezifungua. "Naona umande juu ya jani," alisema taratibu. "Naona kidole gumba cha mama kimelishika. Kina kovu."

Nashoni akaweka simu kwenye spika, Yusta akarudia ili mama naye asikie.

"Nani kakipandisha kidole changu mlima wote ule wa Iringa?" Minza aliuliza.

"Hakuna aliyebeba, Mayu," Nashoni alimjibu mama yake.

Minza akakitazama kidole chake kana kwamba kimesafiri bila kuaga.

Ndipo majigambo ya Nashoni yakarudi. Akamwambia Yusta kwamba mtu makini haamini flashi. Eti yeye alipanga hivi tangu msimu wa kwanza. Alisahau simu iko kwenye spika.

"Yusta mwanangu," alisema Minza, "hebu muulize, pumba zimeshatoka kwenye hiyo flashi asiyoiamini?"